Je, wajua kwa nini grupu la WhatsApp halichoki kuuliza swali lile lile?

Kama uko kwenye grupu la wafuga samaki wa mapambo hii unaijua. Mtu kaingia, hata salamu hamna, anatupia picha ya samaki kaelea tumbo juu, "wakuu tenki nimenunua juzi tu mbona wanakufa?" Mkongwe mmoja anajibu fresh kabisa, kwamba tenki jipya bado halina bakteria wa kugeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, iwe naitraiti kisha naitreti isiyo kali, na hao bakteria wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 wajijenge, so usijaze samaki siku ya kwanza. Nusu saa baadae jibu lishafunikwa na stika, asubuhi njema na tangazo la viwanja. Jumanne anakuja mwingine na picha yake.

Tunasema watu hawasomi. Wanaonewa bana, wasome nini? WhatsApp ni mto mmoja, kila kitu kinapita humo humo, na kwa miaka mingi ukiingia grupu ulikuwa huoni yaliyoandikwa kabla yako. 2022 wakatoa kikomo kwenye watu 256 hadi 512, mwaka haujaisha ikawa 1024. Mto ukabaki ule ule mmoja.

Reddit, mtandao wa majukwaa ya mijadala, tangu 2005 wanatumia kura, jibu zuri linapanda juu na mwakani mtu akigugo analikuta. Ila nako kuna ugonjwa wake, picha ya tenki kali unaipigia kura ndani ya sekunde moja wakati maelezo ya amonia yanataka dakika kumi, so picha inawahi kura, ikiwahi inaonekana zaidi, inapata zingine, mwisho wa siku ukurasa mzima ni tenki za watu zinang'aa na maelezo yako chini huko.

Na si mambo ya leo. Enzi za Usenet, majukwaa ya mijadala ya intaneti ya zamani, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vya Marekani waliingia na maswali yao, wakongwe wanawafunda, baada ya muda kunatulia. Kuanzia 1993 wageni wakawa hawakatiki, AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilipowafungulia wateja wake mlango wa Usenet ndo basi tena, wenyewe wakaiita Septemba isiyoisha.

Kwetu admini kaweka jibu la amonia kwenye maelezo ya grupu. Jumanne swali lilikuja kama kawaida, tofauti ni kwamba aliyejibu ni yule wa wiki iliyopita, aliyeua sita.