Je, wajua kwa nini afisa mikopo humjua mwanafunzi anayepotea kabla ya mhadhiri?

Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likishaingia, chuo kizima kinajua. Mama ntilie anajua, mwenye duka la vocha anajua, na kwenye dawati la mikopo foleni ya kusaini ili kulipwa inajipanga kabla mlango haujafunguliwa. Siku chache baadaye karibu majina yote yameshasainiwa. Yanabaki machache, na afisa mikopo anayakodolea macho hayohayo. Mwanafunzi wa Kitanzania haachi hivihivi hela yake ya chakula na malazi, tena akijua kwamba isiposainiwa hurudishwa Bodi ya Mikopo. Ama anaumwa, ama kuna msiba, ama ameshaondoka kimyakimya. Mhadhiri wake mwenye vichwa mia tatu ukumbini hana habari. Atashtuka matokeo ya jaribio yakitoka, na pengine atasema tu kijana ni mvivu.

Vyuoni kwetu watumishi wako kambi mbili: wanataaluma, wanaofundisha na kutafiti, na waendeshaji, yaani wakutubi, wahasibu, maofisa udahili, wadeni (yaani wasimamizi) wa hosteli, washauri wa wanafunzi, mafundi wa maabara. Ukitajwa ushiriki wa mwanafunzi, wengi huwaza kambi ya kwanza tu: nani kanyoosha mkono, nani kahudhuria semina.

Utafiti umekwenda mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1975 Vincent Tinto, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza kwamba watu hawaachi chuo kwa kufeli tu. Huacha pia wasipojiona kuwa sehemu ya jamii ya pale. Mwaka huohuo Alexander Astin alionyesha kwamba wanaokaa hosteli za chuo, na wanaofanya vibarua vya muda ndani ya chuo, huelekea zaidi kubaki hadi mwisho. Hilo la vibarua lilinishangaza, maana ungedhani kazi inakula muda wa kusoma. Lakini kijana anayelipwa kupanga vitabu maktabani ana mtu wa kumwuliza, "Jana mbona hukuonekana?"

Ndiyo maana dodoso la kitaifa la Marekani kuhusu ushiriki wa wanafunzi, linaloendeshwa na Indiana University tangu mwaka 2000 haliishii kwa wahadhiri. Mwanafunzi huulizwa uhusiano wake na watu wa pale ukoje, kwa alama 1 hadi 7, na wamo watumishi wa hosteli, wa huduma za wanafunzi, hata wa ofisi ya usajili.

Kuna jambo jingine, nalo kwangu ndilo zito: mwendeshaji hatoi maksi. Mbele ya mwenye kusahihisha mtihani wako unajikaza, unasema uko sawa. Kwa wadeni wa hosteli unafunguka. Chukua kubebana, wanafunzi wawili kitanda kimoja kwa sababu mmoja hana chumba (aliyesoma chuo bila kubeba wala kubebwa na anyooshe kidole). Kanuni inataka mgeni atolewe. Wadeni anayeijua kazi yake huuliza kwanza kwa nini hana pa kulala, na hapo ndipo husikia habari za mkopo uliokataliwa au mzazi aliyefariki muhula uliopita.

Dawati hilohilo la mikopo laweza pia kumvunja mtu. Kwa wanafunzi wanaoendelea, Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, husubiri chuo kiwasilishe matokeo yao ndipo iwatolee fedha. Namba ya usajili ikikosewa tarakimu moja, jibu ni "jina lako halipo." Kuanzia hapo ni nenda kwa mhasibu, rudi idarani, njoo Jumatatu. Vipindi vinapita, tumbo halina kitu, na kwenye daftari la mahudhurio anahesabiwa mtoro. Mtumishi mmoja akiinua simu na kumpigia mwenzake wa ofisi ya pili, mambo huisha asubuhi hiyohiyo.

Siku hizi kusaini kumehamia kwa kiasi kikubwa kwenye mfumo, na foleni zimepungua. Orodha ya wasiosaini, hata hivyo, bado iko mbele ya afisa mikopo. Anaweza kuifunga akaenda zake nyumbani, kwani hakuna atakayemuuliza. Au anaweza kumpigia kiongozi wa darasa: "Huyu mwenzenu mmemwona lini mara ya mwisho?"