Chumba cha Tiketi Si Mahabusu

Mama mmoja alizuiliwa jioni katika kituo cha mabasi hapa Kampala kwa sababu nauli ya kumfikisha Arua ilipungua. Mkaguzi wa tiketi alimkalisha kwenye chumba cha tiketi mpaka ndugu zake watume pesa, na mfuko wake akauweka juu ya kabati kama rehani. Mfukoni mlikuwa na vidonge vya kifafa. Alipaswa kumeza saa mbili usiku, akaomba mara mbili, akaambiwa asubiri. Saa nne alianguka.

Kwa miaka niliyofanya kazi ya msaada wa sheria, nimeona kwamba wanyonge wengi huumizwa kabla hawajafika polisi, mahali ambapo hakuna anayeandika jina lao wala saa waliyoingia.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 23, inataka aliyekamatwa awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria. Chumba cha tiketi hakimo. Kondakta, mlinzi au mkaguzi akimkamata mtu, amkabidhi polisi bila kuchelewa. Huko mtuhumiwa ana haki ya kupata wakili na matibabu, ndugu zake kujulishwa akiomba, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48 asipoachiliwa. Dhamana ya polisi hailipiwi, hata kama umeambiwa vingine.

Ibara hiyohiyo inataka aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na hapa ndipo tunapokosea sana. Abiria kiziwi haitiki akiitwa. Askari anadhani ni kiburi, anamvuta, naye anapojitetea kwa ishara inaonekana anataka kupigana. Kisha anafungwa pingu mikono ikiwa nyuma. Afande, mikono ile ndiyo mdomo wake. Msogelee kwa mbele akuone uso, mpe karatasi na kalamu kama anajua kusoma, tafuta mkalimani wa lugha ya alama kabla ya kuandika maelezo yake. Kwa mkimbizi kutoka Kongo mara nyingi jambo ni jepesi zaidi: Kiswahili unacho, kitumie.

Mtoto ana ulinzi wa ziada. Aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa kosa la jinai. Aliyevuka umri huo hahojiwi bila mzazi au mlezi, au afisa wa ustawi wa jamii wasipopatikana, hachanganywi na watu wazima, na asipopewa dhamana hakai polisi zaidi ya saa 24. Msichana awe chini ya uangalizi wa askari wa kike. Na mtoto aliyekutwa peke yake kwenye paki ya mabasi huenda amepotea au ametoroka mateso nyumbani. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Sheria ya mwaka 2012 inayokataza mateso haikubali utetezi wa kwamba "nilitumwa na mkubwa". Mkaguzi anayeagizwa na meneja wake amfungie mtu alijue hilo mapema.

Nawe abiria unayeona mwenzako amekamatwa, usigombane. Uliza kwa sauti ya kawaida anapelekwa kituo gani cha polisi, andika saa na namba ya gari, mpigie ndugu yake. Kisha muulize mwenyewe: una dawa kwenye mfuko? Akisema ndiyo, simama pale mpaka apewe.