NGC 1277: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu galaksi ya kale ya Farisi

Kilimia tunakijua. Ni kile kishada cha nyota ambacho wakulima wamekifuata vizazi na vizazi, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa Desemba, kwenye saa nne usiku, kitafute, kisha yateremshe macho taratibu kuelekea upeo wa kaskazini. Utakutana na Algol, nyota ya kundinyota la Farisi, ambalo wanaanga wa kimataifa huliita Perseus. Jina Algol limetoka kwenye Kiarabu, ras al-ghul, kichwa cha zimwi. Mashariki mwa nyota hiyo, kama upana wa vidole viwili ukiunyoosha mkono, pana kundi la galaksi zaidi ya elfu moja. Mmoja wa wakazi wake ni NGC 1277.

Macho matupu hayaioni, wala darubini ndogo ya mkononi haitoshi. Lakini habari zake zimesambaa mno, na zinazosambaa zaidi ndizo zilizokwisha kusahihishwa. Hilo linaniuma, kwa sababu ukweli wake unavutia kuliko uvumi.

Dhana: Inaitwa lentikula kwa sababu inapinda mwanga kama lenzi.

Hapana. Mvutano wa galaksi nzito huweza kweli kupinda mwanga unaotoka nyuma yake, lakini hilo ni jambo jingine. Jina hili linahusu umbo tu, nalo lina asili yake jikoni. Kwa Kilatini, lens ni adesi, zile punje bapa zilizotuna katikati ambazo wengine huziita kamande. Kioo cha kukuza kilipewa jina hilo kwa kuwa kinafanana na punje ya adesi, na Waarabu nao hutumia neno adasa kwa punje na kwa kioo. Galaksi lentikula ina sahani bapa ya nyota na uvimbe katikati, basi. Ukiitazama kwa ubavu, ni adesi.

Dhana: Mwaka 1875 mtu aligundua galaksi.

Tarehe ni sahihi. Lawrence Parsons, Lord Rosse wa nne, anahesabiwa kuwa mgunduzi wake, tarehe 4 Desemba 1875, huko Birr nchini Ireland. Kosa ni kudhani kwamba alijua ameona galaksi. Wakati huo neno lilikuwa nebula, yaani wingu, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama doa la namna hiyo ni gesi iliyo karibu nasi au ni miji ya nyota iliyo mbali kupita fikra. Alichokiona ni doa hafifu kati ya madoa mengine hafifu.

Darubini aliyoitumia ilikuwa chombo cha ajabu. Kilijengwa na baba yake, William Parsons, kikakamilika mwaka 1845, na hadi mwaka 1917 hapakuwa na darubini yenye kioo kikubwa kuliko chake. Kioo hakikuwa cha bilauri kama vya leo. Kilikuwa madini yaliyosuguliwa, shaba iliyochanganywa na bati, chenye kipenyo cha mita 1.8 na uzito wa takriban tani tatu. Bomba lake lilizidi mita 16 na lilining'inia kati ya kuta mbili za mawe, hivyo halikuweza kugeuzwa ovyo kushoto na kulia. Mtazamaji aliingoja mbingu imletee kitu mbele ya bomba, akakitazama kwa muda mfupi, akaandika na kuchora kwa mkono kabla hakijapita. Haya yote chini ya anga la Ireland, lenye mawingu mengi kuliko nyota.

Msaidizi wake miaka hiyo alikuwa kijana wa Kidenmark, John Dreyer. Ndiye aliyekuja kuyakusanya madoa ya namna hii 7,840 katika orodha iliyotoka mwaka 1888, na herufi NGC ni za orodha hiyo. Jibu la swali "hivi ni vitu gani?" lilisubiri hadi miaka ya 1920, Edwin Hubble alipopima umbali wa Andromeda, mojawapo ya madoa hayo, na kuonyesha kwamba iko nje kabisa ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. Kwa hiyo NGC 1277 ilikuwa na namba kwa miaka zaidi ya 30 kabla mtu yeyote hajaweza kusema kwa uhakika ni kitu gani.

Dhana: Galaksi lentikula ziko njiani kugeuka aina nyingine.

Chanzo ni mchoro maarufu wa Hubble unaofanana na uma. Upande mmoja zipo galaksi duaradufu, upande mwingine zile zenye mikono iliyojizungusha, na lentikula zimewekwa kwenye njia panda. Watu wakausoma kama ratiba ya safari, kumbe ulikuwa mpangilio wa maumbo tu. Lentikula ina sahani kama ya Njia Nyeupe, ila gesi yake ni kidogo na nyota mpya karibu hazizaliwi tena. Nyingine ziliporwa gesi zilipokuwa zikipita katikati ya makundi ya galaksi yenye gesi ya joto kali, nyingine zilitokana na migongano. NGC 1277 haifuati njia hizo, kama tutakavyoona.

Dhana: Kwa kuwa inaitwa masalia ya kale, tunaiona ilivyokuwa ulimwengu ulipoanza.

Mwanga wake husafiri kati ya miaka milioni 220 na 240 kutufikia. Ni muda mrefu, ila si mwanzo wa ulimwengu. Mwanga huo ulipoanza safari, au karibu na hapo, Nyasasaurus alikuwa akitembea kwenye nchi ambayo leo ni kusini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Nyasa. Huyo ni mnyama ambaye mifupa yake ilielezwa rasmi mwaka 2012, na huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana.

Ukale unaosemwa ni wa nyota zake. Zilizaliwa karibu zote kwa mpigo mmoja, miaka bilioni 10 na zaidi iliyopita, kisha uzazi ukakoma. Ina nyota karibu mara mbili ya Njia Nyeupe, zilizobanana katika nafasi ya robo tu ya ukubwa wake. Ushahidi mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ulichapishwa mwaka 2018 kutokana na picha za darubini ya Hubble. Galaksi kubwa huzungukwa na vishada vya nyota vya rangi mbili: vyekundu huzaliwa pamoja nayo, na vya buluu huletwa na galaksi ndogo inazozimeza. NGC 1277 ina vyekundu, vya buluu karibu hakuna. Yaani haikuwahi kumeza jirani yeyote wa maana. Imekaa katikati ya soko lenye zaidi ya galaksi elfu, na haikununua kitu.

Dhana: Ina shimo jeusi lenye tungamo (wingi wa maada) la Jua mara bilioni 17.

Hii ndiyo sugu kuliko zote. Mwaka 2012 Remco van den Bosch na wenzake, wakitumia darubini ya Hobby-Eberly huko Texas, walitangaza namba hiyo. Ingekuwa kweli, shimo hilo lingebeba asilimia 14 ya tungamo la galaksi nzima, wakati kwa kawaida huwa ni chini ya asilimia moja. Dunia ikashangaa, na ilikuwa na haki.

Lakini shimo jeusi, mahali ambapo mvutano ni mkali hata mwanga hautoki, halionekani. Tungamo lake hukadiriwa kwa kasi ya nyota zilizo karibu nalo, na kwa umbali ule nyota hizo zinachanganyika kwenye doa moja lililofifishwa na hewa yetu. Mwaka 2013 Eric Emsellem alionyesha kwamba bilioni 5 inatosha kueleza vipimo vilevile. Mwaka 2016 timu mbili zilizotumia darubini za Hawaii zenye vioo vinavyorekebisha mtikisiko wa hewa zikatoa majibu yao: moja ilipata bilioni 4.9, nyingine bilioni 1.2 hivi. Hata hiyo ya chini ni mara 300 ya shimo la Njia Nyeupe, lenye milioni 4. Hakuna aliyedanganya mwaka 2012. Kipimo kilikuwa cha mwanzo, na anayekinukuu leo peke yake anawanyima wasomaji wake sehemu tamu ya hadithi.

Dhana: Shimo hilo litaimeza galaksi yote.

Halitaimeza. Nyota za mbali hukizunguka kituo cha galaksi kama zilivyofanya kwa mabilioni ya miaka.

Dhana: Imethibitishwa kwamba haina maada ya giza, ile isiyoonekana ila hujulikana kwa mvutano wake, hata chembe.

Utafiti wa mwaka 2023 ulioongozwa na Sébastien Comerón ulipima hadi umbali wa miaka ya nuru 20,000 kutoka katikati, na humo maada ya giza haizidi asilimia 5 ya tungamo lote, nayo inaweza kuwa sifuri. Kwa galaksi ya tungamo hilo ilitarajiwa angalau asilimia 10, pengine hata 70. Nje ya mpaka huo hakukupimwa. Huenda maada hiyo iling'olewa na misukosuko ya lile kundi la galaksi la Farisi, au ilifukuzwa wakati mabonge ya gesi yalipoungana kuijenga galaksi, lakini watafiti wenyewe hawakuridhika kabisa na maelezo hayo. Walisema watairudia kwa WEAVE, kifaa cha kuchanganua mwanga kilichofungwa kwenye darubini ya William Herschel kisiwani La Palma.