Alama za Mabuyu: Ninavyopima Hadithi za Ajabu na Safari za Hatari kwa Watoto

Kitabu kikirudishwa, kabla sijakiweka rafuni nakigeuza ubavu nitazame kingo za kurasa. Watoto wa hapa Mombasa husoma huku wakila mabuyu, na rangi ya mabuyu haifichiki. Kitabu kilichopendwa huwa na wekundu toka mwanzo hadi mwisho. Kilichokwama huwa chekundu mpaka mahali fulani, halafu kingo zinakuwa nyeupe pe. Juzi nilipokea kimoja cha joka na binti mfalme, jalada lake la kupendeza, nyuma kimeandikwa kuwa ni cha miaka 9 hadi 12. Kadi yake inaonyesha kimeazimwa mara saba. Wekundu umekoma ukurasa wa 38.

Nikaufungua ukurasa huo. Shujaa yumo shimoni, mlango umekomewa kwa nje, joka linakuja, pumzi zake zinasikika. Shujaa anakumbuka kuwa kidoleni ana pete aliyopewa na nyanya yake. Anaisugua, mlango unafunguka, joka linalala usingizi. Katika kurasa zote 37 za nyuma pete hiyo haikutajwa hata mara moja.

Watoto wale hawakuambiana, na bado wote walikiacha pale pale. Nimekuwa mkutubi wa shule kwa miaka kumi na tatu, na kila muhula walimu na wazazi huniomba orodha ya vitabu vyenye alama, nyota moja hadi tano. Kama ingenilazimu kuvipima vitabu vya aina hii kwa swali moja tu, ningeuliza: ajabu iliyomo humu ina mipaka? Ikiwa pete inaweza kufanya chochote wakati wowote, hakuna tena cha kuogopa, na mtoto asiye na hofu juu ya shujaa wake hana sababu ya kufungua ukurasa unaofuata.

Watoto wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mtoto aliyelelewa Mji wa Kale au Likoni ameshaambiwa habari za yule mwanamke mzuri wa buibui anayesimama njiani usiku, ukiinama ukaitazama miguu yake unaona kwato. Jini yule anaweza kubadili sura, sauti na nguo, ila miguu haiwezi. Anajua pia kuwa chunusi, yule pepo wa baharini, humvuta muogeleaji chini, lakini yeye ni wa ndani ya maji, na ukishakanyaga mchanga umepona. Kwa hiyo mtoto huyu anapochukua kitabu, anakuja na kipimo kizuri kuliko changu. Akiona jini asiye na kwato, yaani jini asiye na pa kumkamatia, anajua mara moja kuwa msimulizi anamhadaa.

Hata hadithi zetu kongwe ziko hivyo. Kile kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikichapa mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizosimuliwa Unguja, kina paa anayesema, na nyoka mwenye vichwa saba. Yanayobaki ni akili ya paa yule, miguu yake, na maneno anayoyapanga mbele ya sultani. Naye yule maskini aliyetajirishwa na paa, alipomdharau, paa akafa na utajiri ukaondoka. Shaaban Robert naye katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952, anamfunga Adili kwa amri ya jini: kila usiku lazima awachape manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake. Akishawachapa anawalisha na kuwabembeleza. Nimewahi kukisoma kipande hicho kwa sauti mbele ya watoto wa gredi ya sita. Lugha yake ni nzito kwao, maneno mengine nilisimama kuyaeleza, lakini hakuna aliyetoka kwenda kunywa maji. Nimekipa nyota tano, na pembeni nimeandika: kisomewe na mtu mzima kuanzia miaka 10, mtoto akisome peke yake akifika 13.

Hapo utaona kwamba huwa natoa umri wa aina mbili. Umri uliochapwa kwenye jalada siutegemei. Huko nje kuna fomula za kupimia ugumu wa maandishi, na mojawapo ya zilizo maarufu ni ya Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna aliyeitoa Marekani mwaka 1948. Inahesabu maneno katika kila sentensi na silabi katika kila neno. Alama ya 60 hadi 70 ni lugha nyepesi, chini ya 30 ni lugha ya wasomi wa chuo kikuu. Ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, na huko ina kazi yake. Sasa chukua sentensi yetu hii: "Alichokitafuta hakukiona." Maneno mawili, silabi kumi na mbili. Nimeipigia hesabu: inatoka 303 chini ya sifuri. Kwa fomula hiyo, hakuna binadamu wa kuielewa. Msomee mtoto wa gredi ya pili uone kama hatakuuliza papo hapo, "Alitafuta nini?"

Ugumu wa Kiswahili kwa msomaji mdogo uko kwingine, na katika vitabu vya mapambano ndipo unapojitokeza zaidi. Kiambishi chetu "a" kinambeba kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, rafiki kwa adui. Mwandishi anaandika: "Akamshika, akamsukuma, akateleza, akaanguka baharini." Nani kaanguka? Mtu mzima anarudi sentensi mbili nyuma na kuelewa. Mtoto wa miaka tisa anaendelea, na baada ya ukurasa mmoja anadhani shujaa amekufa. Ninaposoma kwa ajili ya kutoa alama, kila penye vita nahesabu mara ambazo sikuwa na hakika ni nani anayetenda. Zikizidi tatu katika sura moja, naondoa nyota, hata kama hadithi yenyewe ni tamu.

Kuna jambo dogo la sarufi ambalo lilinifurahisha sana mwaka jana. Katika kitabu kimoja joka linaitwa kwa "li" muda wote: joka lilitambaa, joka lilinguruma, likapiga mkia. Linapofika sura ya sita joka linafungua kinywa na kusema na msichana, na kutoka sentensi ile mwandishi anabadili: joka akasema, joka akainama, akalia. Hakueleza kitu. Msichana mmoja aliyekaa mbele yangu mkekani akanyanyua kichwa, akasema polepole, "Amekuwa mtu." Kwa herufi moja tu. Ningekuwa na nyota ya sita ningeitoa pale.

Kila kitabu nakisoma mara mbili. Ya kwanza nyumbani, kimya kimya. Ya pili kwa sauti, Jumatano baada ya chakula cha mchana, saa ambayo joto la Mombasa linamlaza kila mtu na kitabu dhaifu hakina pa kujificha. Nikisoma naitazama miguu. Mtoto mwenye adabu atakukodolea macho hata akiwa amechoka, lakini vidole vya miguu vitakuwa vinacheza. Vikitulia vyote kwa pamoja, naweka alama ya penseli kwenye nakala yangu.

Kwa njia hiyo nimejifunza kuhusu hofu pia. Mazimwi ya kigeni yanayotema moto hayawashtui sana watoto wa hapa. Wanayafurahia, wanayachora. Lakini niliposoma kisa cha mwanamke anayeuliza njia gizani, na sauti ya hatua zake juu ya sakafu ikaelezwa kuwa ni "ko, ko, ko", watoto wote walikunja miguu juu ya mkeka. Basi alama ya hofu haiwezi kunakiliwa kutoka kwa mpimaji wa nchi nyingine, lazima itolewe mahali ambapo kitabu kinasomwa. Nilikosea mara moja katika hili, na nimelichukulia kwa uzito tangu siku hiyo. Nilikipa kitabu cha majini nyota tano na kuandika miaka 8, kwa sababu mimi nilikipenda. Mama mmoja akaja shuleni. "Mwalimu, mwanangu siku ya nne leo halali, anataka taa iwake." Alikuwa na haki kabisa. Sasa kila kitabu chenye kutisha nakiandikia neno moja chini ya nyota: mchana. Maana yake, mtoto asikisome peke yake usiku. Kwa neno hilo nimeshukuriwa na wazazi kuliko kwa nyota zote nilizowahi kutoa.

Ombi moja ninalolikataa ni lile la kuongeza nyota kwa sababu kitabu kina funzo. Hadithi nyingi za watoto zinazoletwa shuleni zinasimama ukurasa wa mwisho zikahubiri, na watoto wanaijua sura ile kabla hawajaifikia. Wekundu wa mabuyu unaishia hapo vilevile.

Ubora wa kitabu chenyewe naupima kwa haraka. Vilivyogundishwa kwa gundi peke yake huachia kurasa upesi katika hewa yetu yenye unyevu wa bahari, vilivyoshonwa kwa uzi hudumu. Kitabu cha safari ambacho ramani yake imeng'oka kimepoteza nusu ya utamu, kwa hiyo mshono naupa uzito.

Na watoto wenyewe nawalipa kwa maoni yao, kwa kuwaruhusu kuazima kitabu cha ziada. Wazo hili si langu. Mwaka 1936 mchapishaji wa London, Stanley Unwin, alimpa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka kumi, mswada wa The Hobbit wa J. R. R. Tolkien ausome kwa ujira wa shilingi moja. Rayner akaandika ripoti fupi: kitabu ni kizuri, kikiwa na ramani hakihitaji michoro, na kitawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Mwaka uliofuata kikachapishwa. Angalia umri aliouweka: alikuwa na miaka kumi, na akasema kinaishia tisa. Naona hivyo hivyo kwa wangu. Mtoto wa miaka kumi na moja atakwambia kitabu ni "cha wadogo" huku amekikumbatia kifuani. Umri anaoutaja mtoto nauongezea miaka miwili mbele ndipo nauandika.

Mpimaji wangu mkali kuliko wote kwa sasa ni kijana wa gredi ya tano, baba yake mvuvi. Nilimpa kitabu cha safari ya hatari: jahazi linatoroka Mombasa mwezi wa Januari usiku, limebeba sanduku la siri, linaelekea Arabuni, tanga limejaa upepo wa kutoka nyuma. Nilikuwa nimekisoma mara mbili na kukiandikia nyota nne. Yeye alikirudisha baada ya siku tatu. "Mwalimu, Januari ni kaskazi. Upepo utawapiga usoni. Arabuni watafika vipi?" Nikamwambia pengine jini aliyemo sandukuni ndiye aliyeugeuza upepo. Akafikiri kidogo. "Basi aseme. Akisema nitakubali."

Nilikaa na daftari langu jioni ile nikakisoma upya toka mwanzo. Jini haugusi upepo popote. Jahazi lilipaswa kungoja kusi, upepo wa kutoka kusini, ianze, miezi mitatu au zaidi, na kama mwandishi angelijua hilo angepata hadithi iliyo bora zaidi, watu wamejificha bandarini na sanduku lao wakihesabu siku, wanaowatafuta wakipita mlango kwa mlango. Nikaifuta nne, nikaandika tatu.

Kijana alikiomba tena, akakaa nacho wiki nzima. Kimerudi jana, kingo zake nyekundu hadi ukurasa wa mwisho. Pembeni ya sentensi ile ya upepo kuna mshale mdogo wa penseli, umechorwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Kuandika ndani ya vitabu vya maktaba ni marufuku. Nimeuacha.