Geuza Chombo, Lakini Usiuamini Muhuri

Mtu akiingia kwenye nyumba ya sanaa inayouza vyombo vya kauri na ufinyanzi, vya kale na vya sasa, jambo la kwanza hupindua bakuli atazame kitako. Akikuta jina la mfalme wa China, keshaamini: kina muhuri, basi ni cha enzi hiyo. Hapo ndipo wengi huliwa.

Wakati wa mfalme Kangxi (1662–1722), mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri nchini China, waliandika chini ya kazi zao jina la mfalme Chenghua, aliyetawala kuanzia 1464 hadi 1487, mara nyingi kwa kuwaenzi tu waliotangulia. Alama ya panga mbili za bluu ya kiwanda cha kauri cha Meissen, Ujerumani, nayo imeigwa hadi ikachosha. Upande mwingine, mfinyanzi Hamada Shoji wa Japani hakuwa akitia saini vyombo vyake. Saini huwa kwenye sanduku la mbao la kuhifadhia chombo, na sanduku likipotea bei hushuka.

Anayejua kazi huanzia kwenye ukingo wa kitako, pale udongo ulipoachwa mtupu. Hutazama rangi yake, alama za kisu, chembe za mchanga wa tanuri zilizogandia. Kitako kilichoburutwa mezani miaka mingi kina mikwaruzo isiyo na mpangilio. Kilichopigwa msasa juzi, mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja.

Je, maabara haimalizi ubishi? Kipimo cha termoluminesensi hukadiria muda uliopita tangu udongo uchomwe mara ya mwisho, lakini kinajibu kuhusu punje iliyochukuliwa pale palipotobolewa pekee. Tapeli akipachika mwili mpya juu ya kitako cha kale, punje ya kitakoni itamtetea.

Wengine huona nyufa nyembamba kama utando wa buibui wakasema chombo kimeharibika, au kwamba ni ushahidi wa uzee. Si lazima. Hutokea utando wa kioo unaopakwa juu ya chombo unaposinyaa zaidi kuliko udongo wake. Mafundi wa enzi ya Song ya China walizitafuta makusudi, na waghushi huzipaka chai.

Wala usidhani kikubwa ndicho ghali: kikombe cha enzi ya Chenghua chenye picha ya kuku, upana wa sentimita 8 hivi, kiliuzwa Hong Kong mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 36 za Marekani.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba kazi ya sasa ni vyungu tu. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hatumii gurudumu wala hapaki utando wa kioo. Huinua chombo kwa mikono, hukisugua mpaka king'ae, hukichoma kikatoka na wekundu wa machungwa. Akitaka cheusi, hukirudisha motoni tanuri likinyimwa hewa. British Museum inazo kazi zake.

Tena usidhani kwamba kilichowekwa dukani ni halali. Sheria ya Nigeria hairuhusu vitu vya kale, zikiwemo terakota (sanamu za udongo uliochomwa) za utamaduni wa kale wa Nok, kutoka nchini bila kibali. Muuzaji aonyeshe karatasi: kilitoka lini, na kimepitia mikono ya nani. Akianza kupiga chenga, rudisha chombo rafuni.