Mnadhani tulikuwa likizo? Dhana potofu kuhusu yoti kutia nanga Visiwa vya Cocos

Tangu nirudi Kilifi watu wananiuliza maswali yaleyale mpaka nimechoka kujibu mmojammoja, kwa hivyo wacha niandike mara moja yaishe. Wengi mnajua nilichukuliwa na mzee mmoja mzungu na mkewe niwasaidie kuvusha yoti yao ya matanga Bahari ya Hindi, nikapandia Lombok kule Indonesia na nikashukia Rodrigues, kisiwa cha Mauritius, na njiani tulitia nanga siku kumi Visiwa vya Cocos, wengine huviita Keeling. Sasa kwa sababu picha nilizotuma zilikuwa za hapo tu (kule baharini nani ana nguvu ya kupiga picha), kila mtu ameamua safari nzima ilikuwa mchanga mweupe na madafu.

Dhana ya kwanza ndo hiyo: eti kisiwani ni mapumziko. Jamani. Yoti ina urefu wa mita 12 na watu ndani ni watatu, zamu masaa matatu matatu usiku na mchana, na kutoka Lombok hadi Cocos ni zaidi ya maili 1,100 za baharini, sisi tulichukua siku tisa na kusi likitusukuma nyuma vizuri tu. Unapofika unalala kama gogo usiku mmoja, halafu asubuhi orodha inatolewa. Tanga kubwa limeachia mshono, kamba zimelika pale zinapopita kwenye puli, chujio la dizeli limejaa uchafu, nguo zote zina chumvi hata zilizokuwa ndani ya begi. Na pampu ya choo imeziba, kazi ambayo kwa desturi ya mabaharia dunia nzima anapewa mgeni, yaani mie. Dizeli hakuna gati la kuegesha useme jaza, unachukua madumu ya lita 20 unayapakia kwenye kiboti cha mpira unaenda Home Island, kisiwa jirani chenye watu, upepo unakupiga usoni njia nzima na mawimbi yanakurukia mpaka unafika umelowa chapachapa, ukirudi umebeba mzigo ndo afadhali maana upepo uko nyuma. Baharini nilikuwa nalala zaidi kuliko pale, wallahi.

Ya pili: "Kisiwa kiko katikati ya bahari, mnashuka tu, nani atawauliza?" Atakuuliza polisi. Cocos ni ya Australia, ingawa kutoka hapo hadi Perth ni kilomita kama 2,750 na Indonesia iko karibu zaidi. Unatakiwa kutoa taarifa kabla hujafika, unaingia na bendera ya manjano juu, ile ya kuomba ruhusa ya kuingia, unatia nanga Direction Island, kimoja cha visiwa hivyo, na unakaa ndani ya boti mpaka wakuhudumie, hata kama mchanga uko mita mia na wewe hujakanyaga nchi kavu siku tisa. Polisi wa serikali kuu ya Australia ndo wanaofanya kazi ya uhamiaji pale. Na visa ni lazima uwe nayo tayari, hakuna cha kusema mie ni baharia napita tu, ya kwangu niliiomba miezi kabla. Halafu kuna suala la vyakula, vitu vibichi, matunda, asali, vyote vina masharti. Tulikula vitunguu na mayai kama wendawazimu siku mbili za mwisho ili visichukuliwe. Asali yangu niliyotoka nayo nyumbani ilienda, na kusema kweli haki yao, kisiwa kidogo hivyo mdudu mmoja mgeni akiingia anamaliza kila kitu.

Sasa hii ya tatu ndo inaniudhi, eti "kisiwa kitupu, hakuna watu, peponi". Na wengine kinyume chake, eti "wenyeji wa asili wanacheza ngoma ufukweni". Zote si kweli.

Visiwa ni 27, vyote vya matumbawe, ardhi yote ukiijumlisha ni kilomita mraba 14 tu, na vyenye watu ni viwili. Jumla yao kama 600. West Island ndo kwenye uwanja wa ndege na ofisi, wengi pale wametoka Australia bara. Home Island ni Wamalay wa Cocos, Waislamu, na wao ndo walio wengi. Mie nilikuwa nimeambiwa "watu wa kisiwani" nikawaza sijui nini, nashuka na dumu langu la dizeli nasikia adhana! Nikajihisi niko Takaungu. Nikatoa salamu, nikajibiwa, mzee mmoja akaniuliza natoka wapi, nikasema Kenya, akacheka akasema "apa kabar". Apa kabar ni habari gani, habari ile ile yetu, wao na sisi tumelitoa neno kwa Waarabu. Mzungu wangu akabaki anatutazama tu. Kwa hivyo jueni pia kwamba Home Island hakuuzwi pombe na mtu havai nguo ya kuogelea kupita kijijini, yule anayeshuka kifua wazi akidhani yuko hotelini anawakera wenye kijiji hata kama hawatamwambia.

Lakini hao si wenyeji wa tangu enzi. Kabla ya 1826 hapakuwa na mtu anayeishi pale kabisa. Ndo akaja Mwingereza Alexander Hare na watu aliokuwa akiwamiliki, wengi kutoka visiwa vya Umalay, na mwaka uliofuata akaja John Clunies-Ross na familia yake, akamshinda mwenzake, na ukoo wake ukakaa kama wafalme wadogo kwa zaidi ya miaka 150. Malkia Victoria akawapa visiwa rasmi 1886. Kazi ilikuwa nazi, kupasua, kukausha, mbata kupelekwa nje, na nadhani mtu yeyote wa pwani anayekumbuka mashamba ya minazi anajua hiyo kazi ilivyo. Mshahara je? Walilipwa kwa sarafu za ukoo wenyewe, baadaye hata za plastiki, ambazo ungeweza kuzitumia duka moja tu, na duka ni la nani? La yuleyule tajiri. Hii si hadithi ya zamani sana, ilifika mpaka miaka ya 1970. Australia ilivinunua visiwa 1978 kwa dola zao milioni 6.25, na Aprili 1984 watu wakapiga kura mbele ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakachagua kuungana na Australia moja kwa moja. Kwa hivyo unapopiga picha ya minazi iliyopangana vizuri ukaandika "asili isiyoguswa", ile minazi ina waliotoa jasho.

Na vita pia vilifika huko. Tarehe 9 Novemba 1914 manowari ya Wajerumani Emden ilishusha wanajeshi Direction Island, hapohapo tulipotia nanga sisi, kuvunja kituo cha simu za nyaya za chini ya bahari. Ilikuwa imejifungia bomba la moshi la bandia ili ionekane na mabomba manne kama meli ya Waingereza. Watu wa kituo hawakudanganyika, wakawahi kutuma ujumbe kwamba kuna meli ya ajabu, na manowari Sydney ya Australia ikaja ikaipiga mpaka Emden ikajipandisha mwambani kwenye kisiwa cha Keeling ya kaskazini. Sisi huku tunaijua Königsberg ya Rufiji, manowari yao nyingine, hizi mbili zilikuwa kazi moja, kuwinda meli za Waingereza Bahari ya Hindi, na Königsberg ilimalizikia mikokoni Julai 1915.

Ya nne haraka: "Maji ya ndani ya mwamba ni salama, ni kama bafu." Rangi ni ya bafu, sawa. Lakini kuna vichwa vya matumbawe, kwa hivyo unaingia jua likiwa juu ili uvione, ukifika jioni unasubiri nje mpaka asubuhi, na kusubiri huko ukiinusa nchi kavu ni adhabu. Pembeni ya Direction Island kuna mlango panaitwa The Rip, mawimbi yanamwaga maji juu ya mwamba na yote yanapita hapo kuingia ndani, mkondo unakubeba kama daladala. Unaanzia juu, unaelea na samaki na papa wadogo wa mwambani, halafu unatokea chini. Ukijaribu kurudi kinyume utachoka kabla hujasogea.

"Si mnakunywa madafu tu?" Kunywa madafu kumi siku mbili mfululizo halafu uniambie tumbo linasemaje. Mboga na matunda vinakuja kwa ndege au meli na bei inatia huzuni, niliona kabichi nikairudisha mahali pake kwa heshima.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni taka. Watu wanadhani mbali na watu ni safi. Upande wa upepo, kusi linakotokea, ufukwe umejaa. Mwaka 2019 watafiti walikadiria visiwa hivi vidogo vina vipande milioni 414 vya taka, tani 238, na viatu peke yake, ndala nyingi humo, 977,000. Mswaki 373,000. Halafu taka kubwa hata haionekani, imefukiwa chini ya mchanga, unachimba kidogo kwa kidole unakuta vipande vya rangi rangi. Na wenyeji 600 hawawezi kuvaa ndala laki tisa, zimeletwa na bahari kutoka kwetu sote tunaozunguka Bahari ya Hindi na mbali zaidi. Mie nikakumbuka lile jahazi la Lamu, Flipflopi, lililotengenezwa kwa plastiki na ndala kuukuu, nikasema hapa mafundi wangepata mbao za kutosha jahazi kumi.

Halafu eti "si mngekaa mpaka mchoke?" Mbele kuna karibu maili 2,000 hadi Rodrigues, bahari chafu, mawimbi yanatoka pande mbili, na ikifika Novemba msimu wa vimbunga unaanza. Kapteni alikuwa anaangalia hali ya hewa kila asubuhi na kila jioni, na aliposema kesho, ilikuwa kesho, nguo zikaanuliwa zikiwa mbichi.

Mabaharia wanaopita Direction Island huacha kibao chenye jina la boti yao pale kwenye kibanda, kuna vingi, vingine vimechongwa kwa ustadi hasa. Sisi hatukuwa na mbao wala muda. Mama, mke wa mzee, akaokota ndala moja ya kushoto, ya bluu, akaniambia wewe ndo una mwandiko mzuri, nikaandika jina la boti na majina yetu matatu na Kilifi chini yake, tukaifunga kwa kipande cha ile kamba iliyolika.