Kidhibiti cha Mwendo Hakiishii Kwenye Kupunga Mikono

Wengi huamini kwamba vidhibiti vya mwendo katika michezo ya video ya spoti humfaa tu anayetaka kupunga mikono kwa burudani, na kwamba ustadi wa kweli umo kwenye vitufe. Dhana hiyo ilichangiwa na kifaa chenyewe: rimoti ya Wii, mashine ya michezo ya Nintendo ya mwaka 2006, ilipima mwendo wa mkono kwa mchapuko (badiliko la kasi) bila kupima mzunguko, hivyo mtikiso mdogo wa kiganja uliweza kuhesabiwa kuwa pigo kamili la tenisi. MotionPlus, kifaa cha kuchomeka kwenye rimoti hiyo kilichotoka mwaka 2009, kiliongeza jairoskopu (kipima-mzunguko), na mzunguko wa mkono ukaanza kufuatwa kwa usahihi zaidi.

Hata hivyo, naona faida kubwa zaidi imo katika kielekezi, yaani uwezo wa rimoti kuonyesha mahali kwenye skrini, ambacho husahaulika mno. Katika mchezo wa soka Pro Evolution Soccer 2008 wa Wii, mchezaji alielekeza rimoti mahali alipopataka uwanjani, akapeleka pasi kwenye nafasi tupu au akamtuma mwenzake asiye na mpira akimbilie huko, ilhali kijiti cha kawaida huonyesha mwelekeo tu bila kutaja mahali. Kwa njia hiyo mchezaji hukabidhiwa maamuzi ya kimbinu ambayo kwa kawaida kompyuta humfanyia.